Filamu ya maharamia: hazina moja au njama nyingi?

Kwa wanaoandika skripti ya kupigwa Shela au Manda, kule Lamu, ubishi ni uleule: wahusika wote wafukuzie kitu kimoja, au kila mmoja awe na njama yake?

Tazama The Curse of the Black Pearl ya 2003, filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean. Ili maharamia waondokewe na laana, vipande 882 vya dhahabu waliyoiba lazima virudishwe vyote, pamoja na damu ya walioiba. Kipande kimoja kinapokosekana, kila pigano lina sababu, na mtazamaji hapotei ingawa filamu ina dakika 143. Hatari yake ni katikati kupoa, mtu akishajua sharti. Hapo sharti limefichuliwa kidogokidogo: kwanza uvumi, kisha maharamia wanaoonekana mifupa mitupu kwenye mbalamwezi, kisha damu iliyomwagwa kumbe si ya mtu sahihi.

At World's End ya 2007, ya tatu katika mfululizo huo, ni kila mtu na lake. Will anataka kumkomboa baba yake, nahodha Barbossa anataka Calypso, mungu wa kike wa bahari, afunguliwe. Usaliti unanoga kweli, lakini kila anayegeuka anadai onyesho la kueleza kwa nini. Ukifuta moja, mengine matatu hayaeleweki.

Gharama? Njama nyingi hudai majahazi na manahodha zaidi, na maji yakipwa katikati ya pigano, picha za asubuhi na za mchana hazioani.

Mwenye jahazi moja la kukodi na dakika 90 ashike hazina moja. Anayeandika tamthilia ya vipindi ana nafasi ya njama nyingi, mradi kabla ya mazungumzo aorodheshe kila mhusika anataka nini na nani anajua.