Stadi za ARP za silinda hedi: usiitupe karatasi yake

Stadi zenyewe, yaani fimbo zenye nyuzi za skrubu ncha zote mbili, zinazosimama kwenye bloku na kubana hedi kwa nati, sina neno nazo. ARP ni kampuni ya Marekani ya bolti na stadi za injini. Za chuma cha 8740 zinatosha injini nyingi za turbo. Za aloi ya ARP2000, zinazohimili paundi 220,000 kwa inchi mraba, ni za wale waliopandisha presha hadi gasketi inaomba huruma. Nyuzi ni safi, washa ni bapa kweli, nati inashuka kwa vidole bila kukwama. Ila kwenye pakiti hiyo navithamini zaidi vitu viwili ambavyo mafundi wengi huvitupa: karatasi ya maelekezo (hiyo huishia kufutia mikono) na mafuta ya kulainishia, Ultra-Torque.

Spana ya torki (nguvu ya kuzungusha) haijui stadi imevutika kiasi gani. Inachopima ni ugumu wa kuzungusha nati, na karibu tisa ya kumi ya ugumu huo huliwa na msuguano wa nyuzi na wa chini ya nati. Kinachobaki ndicho kinachobana hedi. Badili mafuta, mbano umebadilika, hata kama spana imelia kwenye namba ileile. Kwa hiyo namba ya kitabu cha gari haina kazi hapa. Ile iliandikwa kwa bolti za kiwandani, ambazo siku hizi nyingi hukazwa kwa torki ndogo, kisha kwa digrii mpaka zivutike zisirudi, na hazirudiwi kutumika. Anayesema yeye hukaza kwa mkono na "anausikia", namwachia sikio lake.

Tazama na kipimo pia. Futi-pauni 80 ni kama Nm (nyutoni-mita) 108. Ukiiweka 80 hiyo kwenye spana ya Nm, umepunguza zaidi ya robo ya torki, na siku moja utakuta maji kwenye oili.

Kabla ya kufunga, matundu ya bloku yapitishwe kisafisha nyuzi, si tepu inayokata chuma, halafu yapulizwe hewa yakauke. Mafuta au maji yaliyonaswa chini ya stadi yanaweza kupasua bloku. Stadi huingia kwa mkono tu. Hapo ndipo watu hubishana nami, wanataka ikazwe kwa nguvu. Ya nini? Anayekaza ni nati, huku juu kwenye nyuzi nyembamba, na nyuzi za bloku, hasa ya alumini, hazisagwi kwa kuzungushwa zikiwa na mzigo. Nati nazo ni kwa hatua tatu zinazolingana, kuanzia katikati kwenda nje.

Usumbufu upo, na ni wa stadi za aina yoyote: kutoa hedi injini ikiwa bado garini ni kazi, maana lazima uinyanyue mpaka ivuke stadi zote. Injini ambayo haijaongezwa nguvu ningeinunulia bolti mpya za kiwandani, basi. Na seti rahisi zinazokuja bila karatasi wala maelezo ya mafuta, hizo sizipi hata nyota moja, hata chuma chake kikiwa kizuri.

Ukienda mbali zaidi ukabadilisha bolti za konrodi (mkono wa pistoni) au stadi za beringi kuu (za krenkshafti), peleka matundu ya beringi yakapimwe kabla hujafunga injini. Mbano mpya huyavuta yakapoteza mviringo, na mara nyingi yatahitaji kuchongwa upya.