Hifadhi ya Anza-Borrego: Pa Kumwona Igwana wa Jangwani Katika Makazi Yake

Wapo wanaoridhika kumtazama igwana wa jangwani, mjusi ambaye kitaalamu huitwa Dipsosaurus dorsalis, nyuma ya kioo cha bustani ya wanyama. Kwa maoni yangu mnyama huyu haeleweki akitengwa na mchanga wake, na ndiyo sababu ninaipendekeza kwa moyo wote Hifadhi ya Jimbo ya Anza-Borrego, iliyoko kusini mwa California, Marekani, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka San Diego.

Hifadhi hiyo ina zaidi ya ekari 600,000, lakini igwana hapatikani kila mahali. Atafutwe kwenye tambarare za mchanga zilizoota vichaka vya kreosoti. Kichaka hicho ndicho tegemeo lake, kwa kuwa mizizi hushikilia mchanga usiporomokee shimo lake, matawi humpa kivuli, na maua ya manjano ni chakula anachokipenda mno. Mgeni mtulivu mwenye darubini atamwona akiparamia vijiti vyembamba ili ayafikie maua hayo, na ataona wazi safu ya magamba yaliyoinuka kidogo katikati ya mgongo, pamoja na mkia mrefu kuliko kiwiliwili, wenye madoa ya hudhurungi yaliyojipanga kama pete.

La kuangalia sana ni wakati. Wengi huenda Februari na Machi, kabla joto halijapanda, kutazama maua ya jangwani, ilhali igwana huyu hupenda mwili wake ufikie nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi kidogo, na huendelea kutembea mchangani wakati mijusi wengi wamekwisha kujificha. Joto hilo lina manufaa makubwa kwake: mwaka 1975 mtafiti Matthew Kluger na wenzake walionyesha kwamba igwana hawa, walipoambukizwa bakteria, walinusurika kwa wingi zaidi katika nyuzi 40 na 42 kuliko katika joto la chini, na utafiti huo ukasaidia sana kueleza faida ya homa. Nashauri basi mwishoni mwa Aprili au Mei, kuanzia saa nne asubuhi.

Upungufu wa mahali hapa ni uhaba wa kivuli. Katikati ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 40, na sishauri kabisa kupeleka watoto wadogo wakati huo. Maji yabebwe mengi kuliko yanayodhaniwa kutosha, na mgeni asikanyage chini ya vichaka, kwani mashimo ya igwana huwa hapo hapo.