PhotoRec imenirudishia picha za familia, ila yule fundi wa Kariakoo sitamsahau

Nianze na la muhimu kabla hasira hazijanipeleka kwingine. PhotoRec, programu ya kompyuta ya kurudisha picha na mafaili yaliyopotea, inafanya kazi, ni ya bure kabisa, na kama una flashi yenye picha za watu wako imegoma kufunguka, iweke pembeni na usimkabidhi mtu yeyote kwanza, hata awe na kibao kikubwa mlangoni cha kurudisha data zilizopotea. Mimi nilikabidhi kwa mwenye kibao.

Flashi ni ya mama. Humo kuna send-off ya dada, kipaimara cha mdogo wetu wa mwisho, na picha za bibi kule Kyela wakati wa kuvuna mpunga, miaka yake ya mwisho mwisho. Simu iliyopigia nyingi ya hizo picha iliibiwa kwenye mwendokasi zamani, kwa hiyo flashi ndio ilikuwa imebaki. Siku moja tukaichomeka kwenye laptopu ikaleta ule ujumbe wa kusema diski lazima ifomatiwe ndipo itumike. Nikakataa. Kuangalia zaidi, pale panapoandikwaga FAT32, yaani mfumo wa flashi wa kupanga mafaili, pameandikwa RAW, maana yake Windows inaiona flashi ila haielewi kilichomo ndani.

Nikaenda Kariakoo, maduka ya kule mitaa ya Aggrey, ghorofani. Nikamwambia fundi kwa kinywa changu, tena taratibu: kaka, flashi yenyewe sina shida nayo, flashi nanunua nyingine hata sasa hivi, mimi nataka picha zilizomo. Akasema ondoa shaka dada, hizo kazi ndogo, elfu thelathini, pita jioni. Hela akachukua mapema, risiti hakuna.

Jioni narudi, ananichomekea flashi mbele yangu anatabasamu, "tayari, inafunguka safi." Kweli imefunguka. Ndani kuna folda moja tu, imejaa singeli. Nikauliza picha ziko wapi. Akaniambia hapo alikuwa anaijaribu kama inapokea mafaili, ndio maana kaweka nyimbo, na inapokea vizuri tu. Nikamuuliza tena, kaka, picha ziko wapi? Akanijibu, na haya ni maneno yake, "Dada, ulileta flashi haifunguki, nimeifungua. Unalia nini sasa? Picha si mtapiga nyingine."

Mtapiga nyingine! Bibi yangu tumeshamzika. Huyo wa kumpiga nyingine nimtoe wapi? Na alisema mbele ya wateja, wengine wakacheka, halafu akageukia simu ya mtu mwingine kama vile mimi nimeshaondoka. Nimefanyiwa mengi na mafundi, kubadilishiwa chaja, kuchomolewa memori kadi, lakini hili la kuambiwa hivyo na mtu aliyeshika hela yangu mkononi bado linanichoma, kila nikikaa nalisikia upya.

Sasa haki nayo isemwe. Pale dukani kuna dogo mmoja anayefanya kazi za kutumwatumwa, yeye ndiye aliyenifuata mpaka kwenye ngazi. Akasema, "Sister, usiweke kitu kingine humo, hata faili moja. Ile kafomati ya haraka, picha zinaweza kuwa bado zipo, ila pale nyimbo zilipokaa ndio basi. Tafuta PhotoRec." Akarudi ndani mbio. Bosi wake hakunieleza hata robo ya hayo, na nina hakika alikuwa anayajua.

Nikaja kuelewa baadaye dogo alimaanisha nini. Fomati ya haraka haifuti picha zenyewe, inafuta orodha ya kuonyesha kila faili limekaa wapi, ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu halafu sura zote zikabaki mle mle. Kompyuta inaona patupu kwa sababu haina orodha. Picha inapotea kweli pale kitu kingine kinapoandikwa juu yake. Na zile nyimbo za kujaribia ndio ziliandikwa juu. Yaani kufomati peke yake pengine ningemsamehe, maana hasara kubwa haikutoka kwenye kufomati. Ilitoka kwenye singeli.

Haya, PhotoRec yenyewe. Kaitengeneza Mfaransa anaitwa Christophe Grenier, inashuka pamoja na ndugu yake TestDisk, programu nyingine ya kuokoa diski, kwenye zipu moja, huinstoli chochote, unafungua tu. Ukiona kiskrini cheusi chenye maandishi meupe usikimbie, ndani ya folda hiyo hiyo kuna QPhotoRec yenye madirisha na vitufe vya kubonyeza. Unachagua flashi, unachagua aina ya mafaili, unachagua pa kuhifadhi, na hapo pa kuhifadhi pawe kwenye laptopu au diski nyingine, kamwe isiwe flashi ile ile, la sivyo unazika picha zako kwa picha zako. Yenyewe kwenye flashi inasoma tu, haiandiki. Haitafuti majina wala folda, inatafuta alama za mwanzo wa faili, picha ya JPEG siku zote inaanza na FF D8 FF, ikiiona hiyo inaanza kuvuta.

Niliiacha ikaskani nikalala. Asubuhi nakuta mafolda yameandikwa recup_dir na namba, ndani picha na picha na picha, nikamwita mama akaja bado ana mswaki mdomoni. Dada na gauni lake la send-off, wajomba wanacheza, mdogo wetu na askofu, zote nzima. Mama alikaa chini. Hapo hapo nikasema hii ni nyota tano, haina mjadala.

Majina ya zamani hayarudi, kila kitu kinaitwa f na tarakimu ndefu, unapanga upya wewe. Hilo linachosha ila si kosa la programu, na tarehe ya kupigwa mara nyingi imo ndani ya picha yenyewe, ukipanga kwa tarehe hiyo mambo yanajipanga. Kuna programu nyingine nilijaribu kabla, sitaitaja, inakuonyesha picha zako zote vizuri halafu ukibonyeza kuhifadhi inadai dola. Mtu yuko kwenye hali hiyo unamwonyesha mama yake halafu unadai dola!

Za bibi ndio shida. Nyingi hazikurudi, nadhani zilikuwa mwanzoni mwa flashi ambako nyimbo ziliingia. Nikawasha ile sehemu ya kubakiza hata mafaili yaliyoharibika, nikaskani tena. Faili likianza na b ujue ni bovu, likianza na t ni ile picha ndogo ya kutangulia inayokaaga ndani ya picha kubwa. Picha moja ya bibi imetoka na b: paji la uso, macho, pua, mpaka midomo, kuanzia kidevuni kwenda chini ni kijivu kitupu. T yake ipo nzima, kanga, ungo, miganda ya mpunga nyuma, ila ukiikuza inakuwa viboksi viboksi, haichapishiki. Nimekaa na hizo mbili nazifungua kwa zamu na kila nikifika kwenye kijivu namkumbuka yule kaka na maneno yake.

Kwa hiyo PhotoRec nyota tano, hapana, nne, kwa sababu nilitaka bibi. Hapana, tano, nimwonee nani, mwizi wa picha ni yule fundi, si programu. Lile duka nilikuwa nimepanga kuandika mwende ila muulizie dogo kwanza. Nimebadilisha mawazo, msiende kabisa, dogo mwenyewe hapewi kazi, anatumwa chai. Na kama umeshaenda na fundi anataka "kuijaribu" flashi yako kwa kuweka chochote humo, ichomoe mwenyewe kwa mkono wako, akasirike akipenda. Elfu thelathini yangu nimeirudia kuidai, akasema kazi ilifanyika.