Oili ya GL-4 kwenye Probox ya gia za mkono: uzoefu wangu

Toyota Probox yangu ni ya gia za mkono na kazi yake ni moja: kubeba trei za mayai na magunia ya vitunguu kutoka soko la Kongowea hadi Likoni, hapa Mombasa. Anayeijua foleni ya feri ashaelewa. Gia ya kwanza, ya pili, simama, ya kwanza tena, na jua la saa saba limekukalia kichwani. Miezi michache iliyopita gia ya pili ikaanza kulia. Nikishuka kutoka ya tatu, krrr! Aliyekaa kando yangu hunitazama utadhani nimekanyaga paka.

Kosa nusu lilikuwa langu. Mara ya mwisho kubadilisha oili niliwaachia vijana wa gereji moja ya njiani wanunue wenyewe. "Oili ya gia ni oili ya gia, bosi." Kopo tupu wakalitupa kwenye buti, nami sikulisoma hadi kelele zilipoanza. GL-5, nzito, ile ya difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu) za malori. Hizo GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, kulingana na dawa zilizotiwa ndani.

Safari hii nilimwendea ami mmoja wa Majengo, mtu wa gia tangu zama za Peugeot 504. Akasoma kopo, akaguna.

"Sikiza, mwanangu. Kabla gia haijaingia, sinkronaiza yashika kwanza, yalinganisha mwendo, ndipo meno yakutane. Sasa ukiitia utelezi kupita kiasi, itashika nini?"

Nikamwambia wale vijana walidai difu inahitaji GL-5. Akacheka. Probox inayovuta kwa mbele haina difu nyuma, difu yake imo ndani ya giaboksi hiyohiyo, na meno yake si yale ya kusagana kwa mshazari kama ya lori. GL-4 yaitosha. Halafu GL-5 hujazwa dawa nyingi zaidi za salfa na fosfora, na baadhi ya hizo hula shaba, na pete za sinkronaiza ni za shaba.

Nilinunua Castrol Syntrans Multivehicle 75W-90, lita mbili, kwa sababu kopo linaandika GL-4 bila kuzungukazunguka. Hiyo 75W ni habari ya baridi, na Mombasa baridi tunaipata kwenye friji tu, kwa hivyo hata 80W-90 isingenisumbua. Mimi nilichotafuta ni GL-4.

Alinituma nizunguke hadi Makupa na kurudi ili oili ipate moto na kulegea. Gari likapandishwa jeki na stendi pande zote nne, likakaa sawa. Hakugusa bolti ya chini kwanza. Alianza na ya kujazia, kwa sababu ukishamwaga kisha ya kujazia ikakataa kufunguka, umelala hapo. Na kweli ilikataa. Chumvi ya bahari ilikuwa imeikamata, na wale vijana walishaiparura pembe kwa spana ya paipu. Ilichukua karibu nusu saa, mafuta ya kulegeza kutu, spana namba 24 na matusi ya kistaarabu.

Oili ilitoka nyeusi kama kahawa chungu. Ami akainamisha karai juani, nikaona vumbi la dhahabu likielea, linang'aa kama dele lililosuguliwa kwa jivu.

"Hiyo ndiyo shaba yako, mwanangu."

Roho iliniuma.

Akafunga bolti ya chini kwa washa mpya, ile pete ya kuzuia kuvuja, akajaza kwa faneli na mpira mrefu hadi oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu. Iliingia chini kidogo ya lita mbili. Bei ya oili ni karibu mara mbili ya ile niliyowekewa kwanza, na nililipa nikinung'unika.

Gia ya tatu na ya nne sasa zaingia kwa vidole viwili. Ya kurudi nyuma haina neno. Ya pili imetulia, ila asubuhi nikiiharakisha hunikwaruzia kidogo, na ami aliniambia mapema kwamba shaba iliyokwisha kulika hairudishwi na oili. Nikimaliza kilomita 10,000 nitaimwaga tena mapema kuliko kawaida, niinamishe karai juani nione kama vumbi limepungua.