Flashi gani ununue Mombasa ukitaka kuweka Windows au Linux

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, jamaa wananipigia simu kwa swali lile lile: "Nataka kubadilisha mfumo wa laptopu, ninunue flashi gani?" Wengi wana ThinkPad na EliteBook za mtumba, na kama prosesa ya Intel ni ya kizazi cha sita au cha saba, Windows 11 haiikubali rasmi. Ndipo baadhi yao wanapohamia Linux Mint, mfumo wa bure. Ushike njia hii au ile, flashi ya kubuti, yaani ya kuwashia kompyuta ili uweke mfumo mpya, utaihitaji.

Ukubwa usikusumbue. Windows 11 inataka flashi isiyopungua GB 8. Faili la Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, linakaribia GB 6, la Mint ni kama nusu ya hapo. GB 16 inatosha, na GB 32 inakupa nafasi ya kujinyoosha. Zaidi ya hapo unalipia nafasi ya filamu.

Kwangu mimi nambari moja ni flashi ya GB 32 ya USB 3.0, yenye jina linalojulikana kama SanDisk au Kingston. Si kwa fahari ya jina, ni kwa ajili ya kasi. Flashi dhaifu inayoandika MB 5 kwa sekunde itakukalisha dakika 20 kwa faili la GB 6. Inayoandika MB 40 inamaliza kabla ya dakika 3. Na stima ikipotea katikati ya kazi, kama kompyuta yako ni ya mezani, unaanza upya. Usijali ikiwa mashine yako ni kuukuu: USB 3.0 inafanya kazi hata kwenye tundu la USB 2.0, ila kwa mwendo wa tundu hilo. Laptopu mpya yenye matundu ya Type-C peke yake itataka flashi ya vichwa viwili, cha USB ya kawaida na cha Type-C.

Madukani Moi Avenue na Digo Road utaonyeshwa ulimi wa buluu ndani ya flashi uambiwe, "Ami, hii ndiyo 3.0 yenyewe." Rangi hata tapeli anaipaka. Nenda na laptopu yako, nakili faili moja kubwa pale pale kaunta, utazame kasi. Mwenye duka akikukatalia, aga uende la jirani. Akikubali, chukua risiti na mwafikiane kwamba ikiwa na kasoro utairudisha.

Ya pili ni SSD, diski ya chipu, iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa, ikatiwa ndani ya kasha la USB. Unanunua kasha tu. Kwa fundi wa mtaani hii ndiyo mali: weka mara moja Ventoy, programu ya kubutia mifumo kadhaa, kisha nakili mafaili ya ISO, yaani mafaili ya mifumo unayopakua, kama unavyonakili nyimbo, Windows na Mint zikae pamoja, uchague wakati wa kubuti. Ukitumia Rufus, programu ya kuandikia flashi ya kubuti, usishangae SSD hiyo isipoonekana, kwani diski za aina hii huwa zimefichwa mpaka uruhusu kwenye mipangilio. Nimeiweka ya pili kwa sababu mwenye kompyuta moja hana haja nayo.

Kadi ya microSD na kisomeo chake ni ya tatu. Kama unayo tayari, itumie. Kuinunua kwa kazi hii, la. Visomeo vya bei rahisi hulegea, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Ukikiacha wazi dirishani, kutu itakifikia.

Ya nne ni flashi unayouziwa ikiwa na Windows ndani tayari. Huijui asili yake, na mara nyingi Windows hiyo imechokonolewa na kutiwa programu ambazo hukuziomba. Faili safi la Windows linapakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft. Kinacholipiwa ni leseni. Kama umeinunua tayari, ifute yote uiandike upya kwa Rufus. Bando likikupungukia, mwombe mtu mwenye WiFi akupakulie.

Ya mwisho kabisa, na afadhali ukose, ni ile ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Niliwahi kuinunua karibu na feri, nikaona nimepata. Uandishi ulikwisha bila kosa lolote, lakini katikati ya kuweka Windows mashine ikasema mafaili hayapo. Rahisi huvunja upishi. Kinachofanyika ni kwamba chipu ya ndani ni ndogo, ila imefunzwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Data ikizidi nafasi halisi hupotea kimya kimya. Balaa ni kuwa siku ya kwanza inaweza kukubali, kwa kuwa faili la GB 6 bado linaenea, ukaisifu kwa watu.

Kwa hivyo hata ile nambari moja, ukifika nayo nyumbani, ipime ingali tupu kwa programu ya kupimia ukubwa halisi: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux. Kuijaza GB 32 kwa MB 20 kwa sekunde ni kama dakika 27, halafu inasomwa tena yote. Ikitoa kosa hata moja, irudishe siku hiyo hiyo, risiti mkononi.