Mafuta ya nazi kabla ya blichi: upande mmoja nilipaka, upande mwingine niliacha

Nina bahasha mbili mezani. Moja nimeiandika "kulia", nyingine "kushoto". Ndani yake mna nywele zote zilizobaki kwenye chanuo langu kwa wiki sita, tangu nilipozipausha mara ya tatu. Bahasha ya kushoto imetuna. Ya kulia haijafika hata nusu yake. Upande wa kulia niliupaka mafuta ya nazi usiku wa kuamkia siku ya blichi. Wa kushoto niliuacha bila kitu, kwa kukusudia, kwa sababu nilichoka kuambiwa "paka mafuta, yatakukinga" bila mtu wa kunieleza yanakinga nini hasa.

Nywele zangu ni za kipilipili, nyeusi tii, na sijawahi kuzitia dawa ya kulainisha. Mara ya kwanza kuweka blichi niliziosha asubuhi hiyohiyo, nikiamini kwamba nywele safi ndizo zinazoshika vizuri. Msusi alikoroga unga wa blichi na peroksaidi ya nguvu ya 40, yaani ile ya asilimia 12, kali mno kwa nywele kama zangu. Dakika kumi hazikupita ngozi ya kichwa ikaanza kuwaka. Nikasema, nikajibiwa, "Vumilia kidogo, dada, ndiyo inashika." Nilivumilia. Nilitoka na vidonda nyuma ya masikio, na baada ya kuosha mara tatu, nywele za kisogoni zikawa zinakatika kwa kuguswa tu. Nilikata zote nikaanza upya. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu kuziosha asubuhi ile kuliondoa mafuta ya asili ambayo ngozi ilikuwa imejitengenezea, na hakuna aliyeniambia nisizioshe.

Mara ya pili nilikimbilia mafuta ya nyonyo, maana ndiyo yaliyosifiwa kila nilipouliza. Niliyapaka kwa wingi saa moja kabla, kuanzia mizizi hadi ncha. Kichwa hakikuwaka kama mwanzo, na kwa hilo nayapa sifa yake. Lakini nyonyo ni mazito, yanashika kama gundi. Blichi iliteleza juu yake sehemu nyingine, sehemu nyingine ikapenya, na nilipoosha nilikuta madoadoa: hapa rangi ya chungwa, pale kahawia nzito. Kurekebisha kukataka blichi ya pili juu ya ile ya kwanza, na hapo kinga yote ikawa haina maana tena.

Baada ya hapo nilikaa nikasoma, na ningependa kila anayetaka kupausha nywele alijue hili kabla hajakaa kwenye kiti. Blichi hufungua magamba ya nje ya unywele, kisha peroksaidi huingia ndani na kuivunja melanini, ile inayoupa unywele weusi wake. Haiishii hapo. Huvunja pia viunganishi vya salfa vinavyoshikilia keratini, protini ambayo ndiyo unywele wenyewe, na huondoa utando mwembamba wa mafuta ya asili ulio juu ya magamba. Utando huo ndio unaofanya nywele zisinywe maji kwa pupa. Ukishaondoka, unywele hujaa maji haraka na kuvimba, ukikauka hunywea, na kuvimba na kunywea huko kila unapoosha kunazidi kuuchosha.

Kwa hiyo hakuna mafuta yanayoweza kuzuia blichi isivunje viunganishi vile. Yangeizuia, rangi nayo isingepanda. Anayekuuzia chupa kwa ahadi kwamba nywele hazitadhurika kabisa anakudanganya, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuiamini ahadi hiyo. Kazi ambayo mafuta yanaweza kuifanya ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni ya kweli: kupunguza protini inayopotea na kupunguza kule kuvimba. Na kwa kazi hiyo mafuta hayalingani.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mnyororo mfupi ulionyooka wa kaboni 12, unaoweza kupenya mpaka ndani ya unywele. Nyonyo ni asidi ya risinoleiki kwa sehemu kubwa, ndefu zaidi, na ndiyo inayoyafanya yawe mazito vile. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, yaani yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwa kiasi cha kuonekana, kwenye nywele nzima na hata kwenye zilizokwisha kuharibika. Walichopima wao ni mafuta yaliyopakwa kabla au baada ya kuosha. Hawakupima mafuta yaliyopakwa kabla ya blichi yenyewe, na ndiyo maana nikaona bora nijipime mwenyewe.

Sikuosha nywele kwa siku mbili. Wiki moja kabla nilikata kishungi kidogo kisogoni nikakijaribu kwa blichi ileile, ili nijue itachukua muda gani, na saa 48 kabla nikajaribu rangi yenyewe nyuma ya sikio. (Tafadhali usiruke hili hata kama umeshawahi kupaka rangi mara nyingi. Mzio wa rangi unaweza kukuanza ghafla baada ya miaka ya kutumia bila shida.) Usiku nilizigawa nywele katikati, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta vilitosha upande mmoja. Nywele zangu zikivutwa hufika mabegani. Kukiwa na baridi mafuta ya nazi huganda, basi niliyayeyusha viganjani, nikapaka fungu kwa fungu. Nilianza na ncha, maana ndizo kongwe na dhaifu zaidi, na mizizini nikamalizia kilichobaki mikononi. Nikavaa kofia ya nailoni, nikalala.

Asubuhi, yapata saa kumi na mbili baadaye, sikuosha. Nilifuta tu kwa taulo mafuta yaliyokuwa yakielea juu. Msusi, si yule wa kwanza, aliposhika upande wa kulia alisita. "Dada yangu, hapa pana mafuta, blichi itashika kweli?" Nilimweleza jaribio langu, akakubali, na nashukuru alilichukulia kwa uzito. Tulitumia peroksaidi ya 20, yaani asilimia 6. Aliweka kwenye urefu kwanza, mizizi mwisho, kwa sababu joto la kichwa huharakisha mizizi. Hatukutumia draya wala stima.

Upande wa kushoto ulifika rangi tuliyoitaka kwa dakika 35. Wa kulia ulichukua 45. Hiyo ndiyo gharama, na ni lazima msusi wako aijue mapema, la sivyo atauosha kichwa chote kwa wakati mmoja na utoke na rangi mbili. Rangi yenyewe ilikuwa sawasawa, bila madoa kama ya nyonyo. Kuwasha kulikuwepo pande zote mbili, kulia kwa mbali tu, kushoto kwa kukera.

Tofauti kubwa niliiona bafuni. Nilichukua unywele mmoja uliolowa wa kila upande nikauvuta taratibu. Wa kushoto ulirefuka kama ubani uliotafunwa, haukurudi, ukakatika. Wa kulia ulirefuka kidogo, ukarudi karibu na urefu wake. Nilirudia mara kumi kwa kila upande, na mara nane jibu lilikuwa hilohilo. Wiki sita za chanuo zimesema vivyo hivyo. Nikiri tu kwamba huwa nalalia ubavu wa kushoto, kwa hiyo sehemu ya kukatika kwa upande ule huenda ni mto, ingawa kitambaa changu cha kulalia ni cha hariri.

Kama unaweka rangi ya muda, ile inayokaa juu ya unywele bila peroksaidi, usipake mafuta kabla. Inataka nywele safi. Niliwahi kupaka, na ikaondoka karibu yote siku ya kuosha. Mdogo wangu naye nywele zake haziyapendi mafuta ya nazi: akiyapaka hukakamaa kama fagio. Kwa hiyo yajaribu wiki kadhaa kabla, si usiku wa mwisho.

Mafuta ya nazi nayapa nyota nne kati ya tano kwa kazi hii. Ya tano nimeizuia kwa sababu hata upande wa kulia leo ni mkavu kuliko ulivyokuwa kabla ya blichi, na kila wiki unadai kondishena nzito ambayo zamani haukuihitaji. Nyonyo nayapa mbili kabla ya blichi, ingawa nitaendelea kuyatumia ncha zikishakauka. Nikipausha tena nitapaka kichwa kizima, nitabaki kwenye ile ya 20, na nikifika rangi ya chungwa nitaishia hapo.

Jumamosi nilikata ncha za kushoto sentimita tatu, zilikuwa zimechanika. Za kulia hazikuhitaji kukatwa. Nimezikata pia, ili zilingane.