Ripoti ya KDHS 2022 na STATcompiler: tathmini ya mtumiaji kutoka Kilifi

Kwa anayetetea afya ya watoto katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, sijaona hati ya serikali yenye uzito kuliko ripoti ya Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya ya mwaka 2022, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi kama KDHS. Ilitayarishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, likishirikiana na Wizara ya Afya, na hupatikana mtandaoni bila malipo. Takwimu zake kuu zimewekwa pia katika STATcompiler, programu ya mtandaoni ambayo humwezesha mtu yeyote, pasipo kujisajili, kuchagua nchi, mwaka na kiashiria anachokitaka, kisha akapata jedwali, mchoro au ramani. Vyote viwili nimevitumia kuandaa maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, na ninavipima hapa kwa kigezo kimoja: vinamsaidia kwa kiasi gani mwananchi asiye mtakwimu kudai mabadiliko ya sera.

Nguvu kubwa ya ripoti hii ni kwamba inazungumza kwa kaunti. Tafiti za kabla ya 2014 ziliishia kwenye mikoa minane ya zamani, kwa hiyo Kilifi, Mombasa na Tana River zilifichwa pamoja chini ya jina la Pwani, na hakuna kiongozi aliyeweza kuulizwa kwa nini eneo lake limebaki nyuma. Sasa jedwali la lishe linaonyesha wazi kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 18. Mwaka 2014 Kilifi ilikuwa na asilimia 39 na taifa asilimia 26. West Pokot, ambayo nayo ni kaunti yenye ukame, ilishuka katika kipindi hicho kutoka asilimia 46 hadi 34. Ukiziweka namba hizo bega kwa bega mbele ya kamati ya afya, ile hoja ya kwamba udumavu ni tatizo la nchi nzima, au kwamba mvua ndiyo iliyotunyima maendeleo, hupoteza nguvu mara moja, na mazungumzo huhamia pale yanapostahili kuwa, yaani kwenye maamuzi yaliyofanywa na yale ambayo hayakufanywa.

Hata hivyo, mtetezi mwaminifu hana budi kuheshimu mipaka ya takwimu zake. Tofauti kati ya 39 na 37 ni ndogo mno kwa utafiti wa sampuli, hivyo si sahihi kutangaza kwamba udumavu umepungua Kilifi. Kilicho salama kusema ni kwamba hakuna dalili ya maendeleo ya kuridhisha. Kiambatisho cha makosa ya sampuli, kinachoonyesha namba zinaweza kukosea kwa kiasi gani, kimo mwishoni mwa ripoti, nami ninamsihi kila anayeandika waraka wa utetezi akisome kabla ya kunukuu namba yoyote.

Upungufu unaoniumiza zaidi ni kwamba takwimu hizi hazishuki hadi kwenye wadi. Utafiti ulipangwa kwa maeneo 1,692 ya sampuli nchini kote, wastani wa maeneo 36 kwa kila kaunti, na Kilifi ina wadi 35. Haiwezekani kwa sampuli ya kiwango hicho kutenganisha hali ya Ganze na ya Malindi mjini, ilhali wawakilishi wadi ndio wanaopitisha bajeti na kila mmoja huuliza, kwa haki kabisa, watoto wa kwake wakoje. Pengo hilo tunaliziba kwa takwimu za kila mwezi za vituo vya afya, ambazo Kenya hukusanya kupitia mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya uitwao DHIS2 tangu 2011, ingawa hizo huwahesabu tu watoto waliofikishwa kliniki. Mtoto wa kijiji kilicho mbali na zahanati ndiye anayeelekea zaidi kukosekana humo.

STATcompiler ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ila jedwali la kaunti 47 linahitaji kompyuta. Ubora wake huonekana katika ulinganisho wa miaka mingi: ripoti zilizochapishwa kabla ya kigezo cha ukuaji wa watoto cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mwaka 2006 zilipima udumavu kwa kigezo kingine, kwa hiyo anayenakili namba ya 2003 kutoka kitabu chenyewe analinganisha vitu viwili tofauti, wakati programu hii hutoa namba zilizokokotolewa upya. Maelezo ya kiashiria pia yasirukwe. Asilimia 50 ya Kaunti ya Samburu katika mimba za ujana ni wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba, si walio wajawazito kwa sasa. Nimesikia kosa hilo likirudiwa hadharani na kumpa mpinzani nafasi ya kuitupa hoja nzima.

Ripoti kuu imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na kwa mama wa Kaloleni ambaye mtoto wake ndiye aliyepimwa urefu, huo ni ukuta. Ninaiomba KNBS itoe muhtasari wa kila kaunti kwa Kiswahili, utakaosomeka barazani.

Anayetaka kuzitumia namba hizi azingatie kalenda: mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ombi nalo liwe mahususi, kwa mfano wataalamu wa lishe katika vituo vya afya vya kaunti, au chakula katika shule za chekechea, ambazo Ratiba ya Nne ya Katiba imezikabidhi kaunti.

Programu ya kimataifa ya tafiti za idadi ya watu na afya, DHS, iliyosaidia utafiti huu ilikuwa ikifadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, tangu 1984, na Februari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha ufadhili huo. Kwa sababu hiyo, katika maoni yetu kuhusu bajeti sasa tunadai pia fungu la Hazina ya Kitaifa la kugharamia utafiti ujao, wenye sampuli itakayofika angalau kwenye kaunti ndogo.